Ile sauti ya 7

Mbukwenyi jamani. Miezi miwili sasa kila Jumamosi jioni niko Nkuhungu, hapa Dodoma, sebuleni kwa rafiki yangu, makochi tumeyasukuma ukutani, meza tumeitoa nje, tuko watu sita: filimbi, klarineti, tarumbeta, mi na tromboni yangu, dada mmoja wa vayolini anayesoma UDOM, na mjomba wangu ambaye anatoka Mvumi na zeze lake amelifunga kwenye khanga. Wa saba ni laptop. Haina mpigaji, imeunganishwa na spika mbili na inatoa sauti ambazo hakuna chombo kilichozipiga, zimetengenezwa na mashine toka mwanzo. Majirani wanauliza hii ni bendi ya harusi au ya kanisani, nikiwaambia ni muziki wa chemba wananiangalia tu.

Ngoja nieleze basi. Mnajua mtu akikwambia njoo chemba, anataka muongee pembeni, wawili watatu, kila neno lisikike. Muziki wa chemba ndo hivyo hivyo. Watu wachache, kila mmoja ana sauti yake peke yake, mara nyingi hakuna wa kusimama mbele na kupunga mikono. Kwenye bendi ya matarumbeta nikikosea kuna wenzangu watatu wa tromboni watanifunika, hapa nikikosea kila mtu kajua. Zamani huko Ulaya walizoea vayolini mbili, viola na chelo, ila karne iliyopita wakaanza kuchanganya, mfano mtunzi Mrusi Stravinsky mwaka 1923 alitoa kipande cha watu 8 wote wa kupuliza, filimbi, klarineti, basuni 2, tarumbeta 2, tromboni 2, hakuna uzi hata mmoja. Baadaye umeme nao ukaingia na hapo ndo mambo yakaninogea mimi.

Lakini sikuingilia huko. Niliingilia kwenye kukosolewa.

Nikiwa darasa la tano nilikuwa kwaya ya watoto. Mnajua kwaya zetu zinavyofundishwa, mwalimu anaandika ubaoni herufi, d r m f s l t, tunaimba do re mi kwanza ndo yanakuja maneno. Kuna wimbo ulikuwa na ta, yaani ile ti iliyoshushwa, na mi kila nikifika pale naenda chini kidogo kuliko kinanda. Kidogo tu. Mwalimu akasimamisha watu wote, akabonyeza, akasema imba hii, nikaimba, akasema umeshuka, rudia, nikarudia, umeshuka. Mwisho akaniambia nisimame nyuma niwe nafungua mdomo tu bila kutoa sauti, na nilifanya hivyo mpaka Pasaka ikapita. Sina kinyongo naye, alikuwa anafuata kinanda chake, ila iliniuma sana na nilikaa miaka mingi naamini nina masikio mabovu.

Kumbe ile ta nilikuwa nimeitoa Mvumi. Likizo zote tulikuwa tunapelekwa kwa bibi, na jioni baada ya ugali na mlenda mjomba anapindua kinu anakikalia, anachukua zeze. La kwake lina nyuzi mbili, amezitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, kibuyu chake kidogo kinakaa tumboni, ule upinde anaupaka utomvu mpaka unanata vidoleni. Akianza kupiga anaimba juu yake, na bibi naye anaingia, na wale wa nyumba ya pili wanaingia kutoka huko huko kwao, kila mtu anashika sauti yake na hakuna aliyepangiwa. Mtoto akikulia hapo hafundishwi skeli, yaani ngazi ya sauti, inaingia tu.

Tromboni nimeanza na miaka 19 kwenye bendi ya kanisa. Ile niliyopewa ilikuwa imeshapita kwa watu wengi, imebonyea mdomoni, mkono wa kuvuta unakwama ukifika mwisho. Usiku mmoja umeme umekatika, sina cha kusoma noti, nikasema ngoja leo nisivute mkono kabisa, niuache posisheni ya kwanza nibadilishe midomo tu nione bomba lenyewe lina nini. Nikapata do. Nikakaza midomo nikapata so. Nikakaza tena, do ya juu, halafu mi, halafu so. Halafu kabla ya do nyingine ikatoka moja katikati. Nikaishusha tromboni nikaiangalia. Nikapuliza tena. Ilikuwa ile ile ta ya mjomba, mahali pale pale, chini kidogo ya kinanda, sasa inatoka kwenye bomba la shaba ambalo halijawahi kufika Mvumi.

Asubuhi nikamuuliza aliyekuwa anatufundisha bendi, akaniambia hiyo sauti ya 7 huwa haitumiki, ipo chini, ukiitaka hiyo noti vuta mpaka posisheni ya 3 utaipata sawasawa. Na ni kweli, kwa tenzi za kanisani ndo inavyotakiwa, wapiga tromboni wote wanaikwepa. Mi nilishasikia nilichosikia.

Kwa wasiojua, hivi ndo inavyokwenda. Tromboni ikiwa imefungwa, yaani mkono haujavutwa, sauti yake ya msingi ni kama hezi 58, yaani hewa mle ndani inatetemeka mara 58 kwa sekunde moja. Sauti nyingine zote za bomba hilo ni hiyo 58 na kitu mara mbili, mara tatu, mara nne, inaendelea hivyo. Ya 4 inaangukia 233, ya 5 kwenye 291, ya 6 kwenye 350, ya 7 kwenye 408, ya 8 kwenye 466, ya 9 kwenye 524. Hakuna binadamu aliyezipanga, ndo maumbile ya uzi unaotetemeka na ya hewa kwenye bomba kama hili. Kinanda kinakwenda kivyake, kinaikata oktavu, yaani do mpaka do ya juu yake, vipande 12 vilivyolingana ili uweze kuanzia do popote unapotaka, ni akili kubwa sana ile sibishi, ila sasa ile ta kinaiweka kwenye 415. 408 na 415. Hiyo tofauti ndo niliyosimamishwa nayo nyuma mpaka Pasaka.

Miaka ikapita nikaja kusoma kwamba Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, alipochunguza uimbaji wa Wagogo, watu wetu sisi, alikuta skeli yao inatoka hapo hapo, sauti ya 4 mpaka ya 9, pengine 10. Do mi so ta do re. Niliisoma nikiwa kwenye daladala natoka mjini nikapitiliza kituo. Ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa huku Dodoma aliyeishia kuishi Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alivyokuwa anaruka na ile sauti yake kutoka chini kabisa mpaka juu kama filimbi, sikiliza ta zake. Hata moja haipo kwenye kinanda.

Sasa njoo Paris. Mwaka 1975 mtunzi Mfaransa Gérard Grisey aliandika kipande kinaitwa Partiels, cha watu 18, kuna wa kupuliza, wa shaba, wa nyuzi na kodiani. Alichofanya ni kuchukua noti ya E ya chini ya tromboni, noti moja tu, ikachambuliwa kwa mashine kuona ndani yake kuna sauti gani na gani, ipi inaanza na ipi ina nguvu, halafu akagawa. Filimbi chukua hii, vayolini ile, klarineti hii hapa. Tromboni inapiga, besi inapiga, halafu wale wengine wanaingia mmoja mmoja juu yake mpaka unahisi umeingia ndani ya ile noti unatembea. Mara ya kwanza kuisikia nilivaa hedifoni, ni usiku, na kitu cha kwanza kilichonijia ni uani kwa bibi, wale watu wa nyumba ya pili wanavyoingia kila mmoja na sauti yake. Nilirudia mara nne usiku ule.

Na siyo kwamba nasema Wafaransa wamechukua kwetu, hapana, wao walifika kwa njia yao ya mashine na hesabu. Ninachosema mimi ni kwamba sikio la Mgogo halihitaji kuandaliwa kwa huu muziki. Watu wanasema muziki wa kisasa wa namna hii ni mgumu, ni wa wasomi, unapiga kelele tu. Nilimpigia mjomba dakika tatu za mwanzo kwenye simu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa tamasha, akasikiliza mpaka mwisho akasema hawa wanapiga vizuri ila wanachelewa kuanza wimbo.

Sauti za mashine nazo zina historia yake na mi nina upande wangu. Mtunzi Varèse mwaka 1954 alitoa Déserts, maana yake majangwa, vyombo vya kupuliza na shaba na ngoma na piano, katikati yake inaletwa tepu ya kelele za viwandani zilizochezewa. Pale Paris siku ya kwanza watu walizomea mpaka ikawa vurugu na redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Naiheshimu, ila kwenye ile kazi tepu na wapigaji wanapokezana, huyu akiongea yule kanyamaza, kama watu walionuniana wanaishi nyumba moja. Ninayoipenda zaidi ni ya Tristan Murail, Désintégrations, aliifanya 1982 na 1983, vyombo 17 na tepu ya sauti zilizotengenezwa na kompyuta, na zile sauti za kompyuta zimejengwa kwa kuchambua vyombo vyenyewe, hivyo zinaoana. Kuna sehemu nasikiliza nashindwa kujua hiki ni klarineti au ni mashine. Hapo ndo nataka kufika mimi.

Halafu msidhani sinthesaiza, yaani mashine ya kutengeneza sauti, ni kitu cha mbali. John Chowning pale chuo cha Stanford, Marekani, mwaka 1967 aligundua kwamba ukichukua wimbi moja ukalitumia kulitikisa jingine kwa kasi unapata sauti za kengele, za shaba, za mbao, kwa hesabu ndogo tu. Yamaha wakachukua leseni ya hiyo njia, mwaka 1983 wakatoa kinanda cha umeme kinaitwa DX7, na kuanzia hapo zile kengele za mashine zimezunguka dunia nzima mpaka kwenye vinanda vya makanisa yetu. Wote mmeshazisikia.

Tatizo la laptop yangu lilikuwa ni lile lile la mwalimu wa kwaya. Nimeandika kipande, sauti ya mashine inashikilia do ya chini muda wote na inapita juu yake mi, so, ta, halafu mjomba akiingia na zeze inakuwa kama watu wawili wanavutana shati. Vayolini ikamfuata mjomba, klarineti ikafuata laptop. Mi na tromboni yangu nilikuwa katikati. Wiki mbili tunahangaika, rafiki yangu wa tarumbeta akasema mwambie mzee apandishe kidogo. Nikakataa kabisa. Mtu apandishwe kwa sababu ya mashine? Mashine ndo ishuke.

Na inashuka. Natumia programu ya kutengeneza sauti inaitwa Surge XT, ni ya bure, na inakubali umpe skeli yako mwenyewe kwa faili la maandishi ya kawaida. Faili langu ukitoa vile vichwa vya juu lina mistari mitano: 9/8, 5/4, 3/2, 7/4, 2/1, yaani kila sauti ni do mara ngapi. Basi, hiyo ndo skeli ya bibi yangu. Ile 7/4 ni ta, iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31, na senti 100 ni nusu toni moja, yaani kipande kimoja kati ya vile 12 vya kinanda, kwa hiyo ni karibu theluthi nzima ya nusu toni, siyo kitu kidogo. Kabla sijalipakia nilipiga ta ya kinanda kutoka kwenye spika huku mimi napuliza ile ya 7 kwenye tromboni, unasikia hewa ya chumba inatetemeka wo-wo-wo-wo-wo-wo-wo, mara saba kila sekunde, unaweza kuhesabu, ndo ile 415 kutoa 408. Glasi kwenye kabati ilikuwa inalia. Nikapakia faili, nikapiga tena. Ule mtetemo ukapungua kadiri nilivyoituliza midomo, wo, wo, wo, halafu ukaisha, sauti mbili zikawa kitu kimoja kimesimama wima katikati ya sebule. Dada wa vayolini alikuwa anafunga begi lake, akalifungua tena.

Klarineti nayo nilijifunza kitu. Bomba lake kwa jinsi lilivyo, sauti za chini zina nguvu kwenye namba witiri, 1, 3, 5, 7, na kwenye mashine kuna wimbi la mraba ambalo lina witiri peke yake, hakuna shufwa. Kwa hiyo nikitaka klarineti ipotelee ndani ya laptop naiwekea wimbi la mraba lililopunguzwa makali, anaanza kupuliza taratibu na hujui ameanza saa ngapi. Akimaliza pumzi mashine inabaki. Hapo ndo pana utamu wote, binadamu anahema, mashine haihemi, na kipande chetu kimepangwa kwa pumzi za watu wanne wa kupuliza, siyo kwa kuhesabu moja mbili tatu nne.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni baridi ya Dodoma. Mwezi wa saba huu mnajua upepo wake. Chombo cha kupuliza kikipoa sauti inashuka, kama senti 3 kwa kila nyuzijoto moja, kwa sababu sauti yenyewe inasafiri polepole kwenye hewa ya baridi. Uzi wa chuma ukipoa unajikaza, sauti inapanda. Laptop haijali lolote. Tumeanza mazoezi saa kumi na jua linawaka, saa moja na nusu usiku mlango uko wazi upepo unaingia na vumbi lake, matarumbeta yameshuka, zeze limepanda, mashine iko pale pale, kila mmoja ameelekea kwao. Tulichofanya ni tunafunga mlango, tunapuliza hewa ya moto kwenye mabomba kama dakika tano bila kupiga, na nimeweka kwenye laptop sehemu ya kusogeza do nzima juu au chini. Mjomba ndo anatoa do sasa. Anapiga uzi mmoja, mi nasogeza mashine mpaka mtetemo uishe, wengine wanafuata.

Mjomba pia anatengeneza ilimba, zile marimba za mkono za chuma. Wiki iliyopita alikuja nayo moja mpya haijaisha, akanituma nikamtafutie utando wa buibui. Siyo ule wa kuning'inia, ni ule mweupe wa bapa unaogandia ukutani, wale buibui wanatagia mayai humo. Nikaupata nyuma ya tangi la maji. Akaubandua kwa ncha ya kisu polepole bila kupumua, akalamba kidole, akaupaka pembeni ya kitundu kilichoko usoni mwa ilimba, akaubandika, akaulainisha na dole gumba mpaka ukakaza kama ngozi ya ngoma ndogo. Akapiga chuma kimoja. Kabla ilikuwa inasema tin. Sasa inasema tinzzzz, kama nyuki amekaa ndani. Na pale katikati kuna vyuma ambavyo hapigi kabisa, vipo kwa ajili ya kuitika tu wenzao wakipigwa.

Nilikaa naiangalia muda mrefu kwa sababu mimi kwenye laptop nilikuwa nimemaliza siku tatu nasafisha sauti, naondoa kila mkwaruzo. Usiku ule nikarudi nikaurudisha. Nikaongeza juu ya kila sauti ya mashine mvumo mwembamba unaowaka pale tu sauti inapopata nguvu, kama ule utando, na nikaweka sauti tatu ambazo hazipigwi na ufunguo wowote, zinaitika tu kile kinachopita. Kipande kikaanza kufanana na kitu chenye wenyewe.

Jumamosi hii tuliyotoka tulikipiga chote mwanzo mwisho kwa mara ya kwanza, kama dakika 11. Kuna sehemu karibu na mwisho wote tunakutana kwenye ile ta, mi nikiwa posisheni ya kwanza bila kuvuta mkono hata kidogo, tarumbeta ameachia vali zote, vayolini uzi mmoja, klarineti, filimbi kwa mbali sana, mashine, zeze. Tulikuwa hatujawahi kuifikia vizuri, siku zote kuna mmoja anatoka. Safari hii ule mtetemo ukaanza kupungua, ukapungua, ukaisha, ikabaki sauti moja tu na siwezi kuwaambia ipi ilikuwa yangu.

Mjomba akainua upinde, akageuka akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani kanyamaza?"

"Hakuna mjomba, wote tunapiga."

Akarudisha upinde kwenye uzi, akaendelea.